Usiitupe 'tembe ya kifafa' aliyopewa mgonjwa wa saratani

TUSEME, msomaji, kwamba mama yako anatibiwa saratani ya matiti. Amemaliza zamu zote za dawa za kudungwa mshipani, nywele zimeanza kuota tena, na jamaa wote wanamshukuru Mungu. Lakini usiku halali. Nyayo zinamwaka kana kwamba amekanyaga makaa, vidole vimekufa ganzi, na shuka ikimgusa tu anashtuka. Mmempa Panadol, mkamwongezea Brufen, wapi! Mnamrudisha kliniki, naye daktari anaandika tembe ndogo za kumezwa usiku. Mkifika nyumbani, ndugu yenu aliye chuoni anaifungua karatasi iliyokunjwa ndani ya pakiti, anaisoma, kisha anauliza kwa sauti: "Mbona hii ni dawa ya kifafa?"

Pengine si ya kifafa bali ni ya ugonjwa wa mfadhaiko, ule unaomfanya mtu akate tamaa na kujitenga na wenzake. Hapo maneno huanza. Mmoja anasema kliniki imechanganya faili. Mwingine ananong'ona kwamba madaktari wameona mama ameanza kurukwa na akili ila hawataki kusema. Mgonjwa mwenyewe anaona haya, kwani yeye alilalamikia miguu, hakulalamikia kichwa. Mwishowe tembe zinawekwa kando, na mama anaendelea kukesha.

Ukweli ni kwamba daktari huyo hakukosea, wala hakumwona mama kuwa mwendawazimu. Maumivu ya neva ni maumivu ya namna yake, na dawa zake pia ni za namna yake. Familia isiyojua hivyo inaweza kumnyima mgonjwa nafuu huku ikidhani inamlinda.

WAYA ULIOCHUNIKA

Neva ni ile mishipa ya fahamu inayopeleka habari kutoka kila pembe ya mwili hadi kwenye uti wa mgongo, na kutoka huko hadi kwenye ubongo. Ukijikata kidole ukimenya viazi, kilichoumia ni kidole. Neva imefanya kazi yake tu ya kupiga simu. Mahali palipoumia huvimba na kutoa kemikali zinazoichokoza neva, na dawa kama Brufen huzuia kutengenezwa kwa kemikali hizo. Ndiyo maana maumivu ya jino au ya kifundo kilichoteguka hutulia ukiimeza.

Je, waya wenyewe ukiharibika? Wewe unayeishi mjini unajua tabia ya waya wa stima uliochunika: hutoa cheche hata kama hakuna aliyewasha taa. Neva iliyobanwa, iliyokatwa au iliyodhuriwa na sumu hufanya vivyo hivyo. Hupeleka ujumbe wa maumivu ingawa ngozi haina hata mchubuko, na ubongo huupokea ujumbe huo kama mwingine wowote. Maumivu hayo ni ya kweli kabisa. Mgonjwa hajitii.

Utayatambua kwa maneno anayoyatumia. Hasemi tu kwamba anaumwa. Husema panachoma, panadunga kama sindano, panapiga kama stima, au kwamba siafu wanatembea chini ya ngozi. Jambo linaloshangaza wengi ni kwamba mahali pale pale panapouma huenda pamekufa ganzi. Isitoshe, kitu kisichopaswa kuumiza, kama vile soksi au upepo wa feni, huumiza.

Mwaka 2012 watafiti walichapisha uchambuzi wa tafiti 22 zilizohusu wagonjwa wa saratani wenye maumivu, zaidi ya 13,000 kwa jumla. Walikuta kwamba kati ya mgonjwa mmoja na wawili katika kila watano walikuwa na maumivu yanayotokana na neva, ama peke yake au yakiwa yamechanganyika na maumivu ya kawaida. Hapa Kenya, ambako ilikadiriwa kwamba watu zaidi ya 42,000 waligunduliwa kuwa na saratani mwaka 2020, hilo si jambo la watu wachache.

SARATANI HUIFIKIAJE NEVA?

Kuna njia tatu kubwa. Ya kwanza ni uvimbe wenyewe. Saratani ya mlango wa kizazi ikienea ndani ya nyonga huweza kubana neva zinazoshuka mguuni, naye mgonjwa akaanza kulalamika paja wakati ugonjwa uko tumboni. Saratani iliyo kwenye ncha ya juu ya pafu hubana neva za bega, maumivu yakateremka mpaka kwenye vidole vya mkono.

Njia ya pili ni matibabu. Upasuaji wa titi na kwapa huweza kujeruhi neva ndogo zinazopita hapo, na mwanamke akabaki na mchomo wa kifua na mkono hata baada ya kidonda kupona. Mionzi nayo huweza kuidhuru neva polepole, dalili zikajitokeza baada ya miezi au hata miaka. Hata hivyo, wanaojulikana zaidi kwa kuchokoza neva ni baadhi ya dawa za kudungwa: vinkristini, paklitakseli, sisplatini na oksaliplatini. Hizi ni dawa zilizookoa maisha ya wengi. Vinkristini, kwa mfano, ni miongoni mwa dawa zinazotibu ile saratani ya taya za watoto ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Uganda. Lakini sumu inayoua saratani haichagui sana, na neva ndefu za miguu na mikono ndizo hupata taabu kwanza. Kwa hiyo ganzi huanzia kwenye vidole vya miguu, ikapanda kama mtu anayevaa soksi, kisha ikaingia mikononi kama glavu. Anayetumia oksaliplatini huenda akashtuka vibaya kwa kushika tu pakiti ya maziwa iliyotoka kwenye friji, kwani baridi huzichokoza neva zake.

Njia ya tatu ni mkanda wa jeshi. Kinga ya mwili ikishuka kwa sababu ya saratani au matibabu yake, virusi vya tetekuwanga vilivyolala ndani ya neva tangu utotoni huamka. Malengelenge hukauka, lakini mchomo huweza kubaki.

Habari njema ni kwamba maumivu yanayoletwa na dawa za kudungwa mara nyingi hupungua. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika mwezi wa kwanza baada ya matibabu, wagonjwa 68 katika kila 100 walikuwa na matatizo ya neva. Baada ya miezi sita au zaidi walibaki 30. Habari isiyo njema ni kwamba sisplatini na oksaliplatini huweza kuendelea kuzidisha dalili kwa muda hata baada ya dawa kusimamishwa. Usishangae, basi, mgonjwa akisema mambo yamezidi ilhali matibabu yamekwisha.

KWA NINI DAWA YA KIFAFA?

Kifafa ni nini, kama si seli za neva ndani ya ubongo kufyatuka ovyo bila mpango? Na maumivu ya neva ni nini, kama si neva za mwilini kufyatuka ovyo bila sababu? Madaktari waliuona udugu huo zamani. Mwaka 1942, huko Ufaransa, daktari aitwaye Bergouignan alijaribu dawa ya kifafa, fenitoini, kwa wagonjwa waliokuwa na maumivu makali ya neva ya uso. Mwaka 1962 daktari Sigfrid Blom wa Sweden akaandika juu ya karbamazepini, dawa nyingine ya kifafa, kwa maradhi hayo hayo. Ilifaa.

Siku hizi inayoandikwa zaidi katika ukoo huo ni gabapentini, iliyoidhinishwa Marekani kwa ajili ya kifafa mwaka 1993, pamoja na nduguye pregabalini aliyefuata mwaka 2004. Dawa hizi hushika vijilango vinavyopitisha kalsiamu kwenye neva, na neva ikikosa kalsiamu ya kutosha hupunguza kelele. Mwaka 2004 watafiti walichapisha matokeo ya jaribio la wagonjwa 121 wa saratani waliokuwa na maumivu ya neva na ambao tayari walikuwa wakitumia dawa za jamii ya mofini. Walioongezewa gabapentini walipata nafuu zaidi ya walioongezewa tembe isiyo na dawa. Karbamazepini haipendwi sana kwa wagonjwa wa saratani, kwa kuwa huweza kupunguza chembechembe za damu na kugongana na dawa nyingine.

NA YA MFADHAIKO JE?

Amitriptilini ni dawa ya mfadhaiko iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1961. Ni ya bei nafuu, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Inafanyaje kazi kwenye maumivu? Ubongo hausikilizi tu habari za maumivu. Una njia zake za kuteremsha amri kupitia uti wa mgongo ili kuzififisha. Njia hizo hutumia kemikali ziitwazo serotonini na noradrenalini. Amitriptilini huzifanya kemikali hizo zikae kazini kwa muda mrefu zaidi.

Ukitaka ushahidi kwamba daktari hatibu wazimu, tazama kipimo. Kwa maumivu ya neva mgonjwa huanzishiwa miligramu 10 au 25 usiku. Kwa mfadhaiko, kipimo cha kawaida huwa miligramu 75 au zaidi kwa siku.

Nyingine ya jamii hiyo ni duloksetini. Hii ndiyo yenye ushahidi ulio bora zaidi kwa maumivu ya miguu na mikono yaliyoletwa na dawa za kudungwa. Katika jaribio la watu 231 lililochapishwa mwaka 2013, watu 59 katika kila 100 waliopewa duloksetini walisema maumivu yalipungua, ikilinganishwa na 38 waliopewa tembe isiyo na dawa. Zingatia hesabu hiyo vizuri, msomaji. Hailingani na mahubiri ya wauza dawa barabarani. Wengi walipata nafuu, lakini si wote, na nafuu yenyewe ilikuwa kupungua kwa maumivu, si lazima kuisha. Daktari mwaminifu atakuambia hivyo kabla hujaimeza.

MOFINI NA NGAZI YA MAUMIVU

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliokuja kujulikana kama ngazi ya maumivu ya saratani. Kidato cha kwanza ni dawa kama parasetamoli, cha pili ni jamii ya kodini, na cha tatu ni mofini. Kando ya kila kidato kuna nafasi ya dawa saidizi, na hapo ndipo zinapoingia hizi za kifafa na mfadhaiko. Mwaka 2018 shirika hilo liliurekebisha mwongozo huo ili ngazi isifuatwe kama sheria, bali kila mgonjwa apimwe kivyake.

Mofini husaidia pia maumivu ya neva, ingawa peke yake mara nyingi haitoshi. Wengi huiogopa wakidhani ni dawa ya kumuaga mtu au kwamba itamfanya mgonjwa awe mlevi wa dawa. Ikitolewa kwa kipimo na kufuatiliwa na mhudumu aliyefunzwa, si dawa ya kuua. Mara nyingi huleta kufunga choo, kwa hivyo huandikwa pamoja na dawa ya kulainisha. Shida yetu ya miaka mingi imekuwa kuipata. Shirika la Human Rights Watch liliripoti mwaka 2010 kwamba ni hospitali saba tu za umma nchini Kenya, kati ya takriban 250, zilizokuwa na mofini ya kunywa. Tangu hapo hospitali nyingine zimeanzisha huduma ya kutuliza maumivu. Nairobi Hospice, iliyoanza mwaka 1990, iko katika uwanja wa Hospitali Kuu ya Kenyatta, na huduma kama hiyo imefika katika miji kama Nyeri, Eldoret, Kisumu na Mombasa. Wauguzi wa huko huyajua maumivu haya vizuri. Huhitaji kungoja mpaka mgonjwa awe mahututi ndipo uende kwao.

SUBIRA NA TAHADHARI

Kosa linaloharibu matibabu haya ni kuzitarajia tembe zifanye kazi kama Panadol. Panadol humezwa mtu akiumwa. Hizi humezwa kila siku, awe anaumwa au haumwi, na nafuu huja polepole katika muda wa wiki moja, mbili au zaidi, huku daktari akipandisha kipimo kidogo kidogo. Anayeacha siku ya tatu kwa kuwa "haijafanya kitu" hajaijaribu dawa.

Kuna usumbufu wa kutazamiwa. Amitriptilini hukausha kinywa, hufunga choo na huleta usingizi, ndiyo maana hunywewa usiku. Mzee akiinuka ghafla kwenda msalani huweza kupata kizunguzungu na kuanguka, basi akae kwanza kando ya kitanda. Mwenye ugonjwa wa moyo, tezi dume iliyovimba au presha ya macho amwambie daktari kabla ya kuianza. Gabapentini na pregabalini huleta kizunguzungu na huweza kuvimbisha miguu, na mwenye figo dhaifu hupunguziwa kipimo. Anayetumia dawa hizi asiendeshe gari wala pikipiki mpaka ajue zinavyomchukua, na pombe aiache.

Mambo manne yasichukuliwe kwa mzaha. Kwanza, gabapentini au pregabalini ikitumiwa pamoja na mofini huweza kupunguza pumzi. Mnamo Desemba 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya hatari hiyo. Hazikatazwi kutumiwa pamoja, lakini mgonjwa akilala usingizi mzito usioamshika au akipumua kwa shida, mkimbizeni hospitalini. Pili, tramadoli ikichanganywa na amitriptilini au duloksetini huweza kuleta degedege na hali nyingine ya hatari, kwa hiyo usimwongezee mgonjwa tembe ulizonunua dukani bila kuuliza. Tatu, duloksetini huweza kupunguza nguvu ya tamoksifeni, dawa inayotumiwa na wanawake wengi wa saratani ya matiti. Daktari na aelezwe. Nne, dawa hizi hazikatwi ghafla. Hupunguzwa polepole kama zilivyopandishwa.

Na vitamini je? Kuwa mwangalifu. Kuna dawa ya lishe iitwayo asetili-L-kanitini ambayo watu waliitumainia kulinda neva. Jaribio la wanawake 409 wenye saratani ya matiti lililochapishwa mwaka 2013 lilionyesha kwamba walioitumia waliharibikiwa zaidi. Si kila kinachouzwa katika chupa nzuri ni rafiki.

USINGOJE JUMATATU

Mgonjwa wa saratani akipata maumivu mapya ya mgongo, kisha miguu ikalegea, au akashindwa kukojoa au kuzuia haja, huenda uvimbe unabana uti wa mgongo. Hilo halitibiwi kwa tembe za neva nyumbani. Mpelekeni hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili. Dawa ya deksamethasoni pamoja na mionzi au upasuaji huweza kuokoa miguu yake, lakini kila saa inayopita hupunguza nafasi hiyo.

Kuna pia wagonjwa wanaoficha ganzi katikati ya matibabu wakihofia kwamba dozi itasimamishwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humfichua. Daktari akijua mapema anaweza kupunguza kipimo, kuchelewesha zamu moja au kubadilisha dawa kabla neva hazijaharibika kabisa. Mwambie mgonjwa aeleze anayoyaona katika kazi za kila siku: anashindwa kufunga vifungo vya shati, anaangusha vikombe, haisikii ardhi chini ya miguu. Aeleze kwa maneno yake, ya kuchoma au ya stima, na aseme maumivu ni mangapi kati ya sifuri na kumi, asubuhi na usiku. Mwandikieni kwenye daftari.

Nyumbani, miguu iliyokufa ganzi ilindwe. Avae viatu hata ndani ya nyumba, maji ya kuoga mtu mwingine ayapime kwa kiwiko, na asiote miguu karibu na jiko la makaa, kwani ataungua bila kujua.

Na siku daktari atakapoandika tembe msizozielewa, msitoke chumbani mwake kabla ya kumuuliza: "Daktari, hii ni ya maumivu au ni ya ugonjwa mwingine?" Jibu atakalotoa liandikeni kwa kalamu juu ya pakiti, kwa herufi kubwa, kusudi yeyote atakayeishika nyumbani asome kwanza maneno hayo: YA MAUMIVU YA NEVA.